Laktati ikipanda, tazameni na mashine ya kupumulia
Kuna makala inayosema laktati (zao la uvunjaji wa glukosi linalopimwa kwenye damu) ikipanda mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi, basi tishu zimekosa oksijeni. Si kila mara! Mashine ikimpumulisha kupita kiasi, kaboni dioksidi ya damu hushuka chini ya 35 mmHg, damu huwa na alkali zaidi, na kimeng'enya cha fosfofruktokinasi huharakisha uvunjaji wa glukosi. Laktati hupanda kidogo hata oksijeni ikiwa tele. Punguzeni pumzi kwa dakika hadi kaboni dioksidi irudi 35–45, huku mkichunguza shinikizo la damu na damu inayopotea, kisha pimeni tena. Sampuli iliyokaa mezani nayo hupotosha, kwani chembe nyekundu huendelea kutengeneza laktati. Laktati ikizidi 4 mmol/L, msiilaumu pumzi peke yake.