Pointi 5 za kidato cha sita

Jamani, hizi fomu za kuomba mafunzo ya uwakili kwenye kampuni kubwa za sheria za London zitanitoa roho. Kwanza unaomba leo nafasi ya kuanza miaka 2 ijayo, utadhani mwenye nyumba naye atasubiri kodi yake.

Halafu kuna kile kisanduku cha matokeo ya kidato cha sita. Kinataka pointi za Uingereza, ambako A moja ni 48 na A tatu ni 144. Mimi nimemaliza Tanzania, Divisheni Wani ya pointi 5. Kwetu pointi zikiwa chache ndiyo sifa, mama alichinja kuku siku ile! Hapa nikijaza 5 naonekana nililala mtihani mzima. Pa kujieleza hapana. Kwenye orodha ya mitihani NECTA, baraza letu la mitihani Tanzania, haipo, ipo "Nyingine". Basi nikawa Nyingine.

Ukivuka hapo unakutana na "Kwa nini umetuchagua sisi?" kwa maneno 250. Si ni kwa sababu mtanilipia SQE, mitihani ya kuwa wakili huku! Lakini hilo huandiki, unaandika mapenzi yako makubwa kwa ununuzi wa makampuni. Juzi nilituma, nikasoma tena, kumbe jina la kampuni ya wiki iliyopita bado limo aya ya pili. Hiyo nakubali, yangu.

Jibu likaja saa nane usiku: kutokana na wingi wa maombi, hawataweza kueleza sababu.