KAMATA na UDA hazikuuawa na wizi

Ukitaja UDA, lile shirika la umma la mabasi ya Dar es Salaam, mbele ya mtu aliyeikuta, jibu linakuja haraka: mali ya umma haina mwenyewe. Makondakta waliiba nauli, madereva waliuza dizeli, wakubwa wakamaliza kilichobaki. Wizi ulikuwepo, sibishi. Ila kwenye daladala nako konda anaficha hela na dereva ananyonya tangi, na zipo barabarani mpaka leo. Kwa hiyo wizi peke yake hautoshi kueleza yaliyotokea.

Kampuni ya Waingereza iliyoitwa Dar es Salaam Motor Transport, DMT kwa kifupi, ndiyo iliyokuwa na mabasi ya jiji pamoja na baadhi ya njia za bara. Azimio la Arusha lilitangazwa 1967. DMT ikataifishwa 1970. Mwaka 1974 ikapasuliwa vipande viwili. Jiji likaenda kwa Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, na safari za mikoani zikaenda kwa Kampuni ya Mabasi ya Taifa, KAMATA. Mikoa nayo ikawa na kampuni zake, zile RETCO, ambazo zilishughulika zaidi na malori ya mizigo.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa nuksi. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imetoka kupanda karibu mara nne. Barabara ndefu ya lami ya kujivunia ilikuwa ile ya kwenda Zambia kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, na ile ya Moshi na Arusha. Kwingine kwingi ni vumbi kiangazi na tope masika. Kusini ndiko kulikuwa na adhabu: abiria wa Lindi na Mtwara walivuka Rufiji kwa kivuko mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, na masika yakikolea barabara ilikatika kabisa. Basi linalopita njia kama hiyo linakula springi, bushi na shokapu mara kadhaa zaidi ya lile la lami, lakini nauli haikuwa mara kadhaa.

Hapo ndipo tuingie karakana, maana hesabu za mashirika haya zilivunjikia kule chini ya gari.

Tuseme basi limekufa pampu ya dizeli. Fundi anaandika maombi, stoo hawana. Shirika linatafuta ankara ya awali kutoka kwa muuzaji wa nje, kisha linaomba kibali cha fedha za kigeni Benki Kuu. Fedha za kigeni zilikuwa chache sana: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikaanza 1978, mafuta yakapanda tena 1979. Pampu ya basi ilipanga foleni moja na dawa, mahindi ya njaa na mafuta yenyewe. Angalia vizuri hapo: shirika lingeweza kuwa na shilingi benki na bado likakosa spea. Kibali kikitoka, bado kuna meli na bandari. Miezi inapita.

Wiki mbili baadaye basi la pili linakuja na sanduku la gia limekwama. Meneja anabanwa na wizara aongeze magari barabarani, abiria wamejaa vituoni. Anaamuru gia ing'olewe kwenye lile lililokufa pampu. Kwa siku ile ni uamuzi wa busara. Lakini fundi amefanya kazi mbili, kung'oa na kufunga, na gasketi zilizofunguliwa hazirudi kama zilivyokuwa. Basi la kwanza sasa linadai pampu na gia. Mwezi ujao litatolewa dinamo, kisha taa, kisha tairi, na mwisho linawekwa juu ya mawe. Pampu ikifika kutoka ng'ambo, gari lake limeshabaki chesisi. Kwenye daftari bado linahesabiwa ni basi.

Ikarus za Hungaria, zile ndefu za kuungana ambazo watu waliziita kumbakumba, zilikuwa na matatizo yake ya ziada. Injini imelala chini ya sakafu, inameza vumbi na maji ya madimbwi. Kiungo cha katikati kinataka grisi bila kukosa, na ule mpira wa kujikunja ukichanika hakuna wa kuubadilisha mtaani. Mabasi ya Leyland ya Uingereza yalikuwa na spea zake zisizoingiliana na Ikarus hata boliti. Kila shehena ya magari ya aina mpya ilimaanisha stoo mpya, vifaa vipya na mafundi wa kufundishwa upya. Wanaosaini mikataba ya magari huwa hawaulizi swali hilo, hata leo.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua mfano wa basi la dola 50,000 mwishoni mwa miaka ya 1970, dola ikiwa kama shilingi 8. Ni shilingi 400,000. Mhasibu mwaminifu anatenga shilingi 50,000 kila mwaka kwa miaka 8, hakuna aliyeiba hata senti, na mwisho ana shilingi 400,000 kamili za kununua jingine. Lakini mwishoni mwa 1986 dola ilishavuka shilingi 50. Akiba ile inatoa chini ya dola 8,000, haifiki hata sehemu ya sita ya basi, tena kwa bei ya zamani. Nauli ilipangwa na serikali kwa shilingi, gari liliuzwa kwa dola, na pengo la katikati hakuna aliyekabidhiwa kulijaza. Huo ndio ugonjwa uliozimaliza KAMATA na UDA. Mengine yaliharakisha tu mazishi.

Mwaka 1983 serikali ilisalimu amri kwa upande wa jiji: watu binafsi wakaruhusiwa kubeba abiria Dar es Salaam, kwa kibali kupitia UDA yenyewe. Mwaka uliofuata walioweza kupata fedha za kigeni kwa njia zao waliruhusiwa kuagiza bidhaa, na vibasi vidogo vikaanza kumiminika. Mwenye gari binafsi hakupanga foleni ya kibali cha fedha za kigeni. Alinunua kipanya kilichokwisha kazi Japani na spea akazipata dukani. Akachagua njia zenye watu na saa zenye watu. Mwanafunzi wa nauli pungufu aliachwa kituoni, na anaachwa mpaka leo, wakati UDA ilitakiwa kumbeba na hakuna aliyeifidia. Kumlinganisha mwenye kipanya na UDA na kusema mmoja ana akili ya biashara na mwenzake hana ni kupunja mizani.

Kutaka KAMATA irudi ilivyokuwa siungi mkono. Hata ingepewa dola zote, shirika moja kuamua kutoka Dar es Salaam basi gani liende Songea saa ngapi lilikuwa zigo.

Kinachonikera ni kwamba mwendokasi, yale mabasi ya Dar es Salaam yenye njia zake maalumu, umeanza na pengo lilelile. Mei 2016 kilomita 20.9 za awamu ya kwanza zilifunguliwa kwa mabasi 140 kutoka China, nauli ya njia kuu shilingi 650 iliyoamuliwa na serikali, na karakana ikajengwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi linalofurika. Maji yakaingia kwenye mabasi, na mabasi ya siku hizi yana kompyuta na nyaya ambazo fundi hakaushi kwa jua.

Mkataba wa mtoa huduma ungepaswa kuitaja fomula ya nauli wazi: dizeli kiasi gani, mishahara kiasi gani, spea kiasi gani na kwa dola ya bei ipi, ipitiwe kila miezi sita. Serikali ikiona nauli mpya itaumiza wananchi, ina haki ya kuizuia, ila tofauti iilipe mwezi huohuo. Akiba ya kununua mabasi mengine ikae kwenye akaunti ya dola ambayo mkurugenzi hawezi kulipia mishahara. Na kila gari linaloegeshwa zaidi ya siku 30 kwa kukosa spea liondolewe kwenye idadi ya mabasi inayotangazwa.