Filamu Dakika 100, Maandalizi Usiku Kucha

Jamani, yupo mtu anayeketi saa tatu usiku kutazama filamu, na filamu ikaanza saa tatu usiku? Ajitokeze tumpe nishani. Wengine wote saa hiyo ndiyo kwanza tunagombana na flashi.

Flashi ni ya GB 32, tupu kabisa. Faili la filamu lina GB 5. Kompyuta inakataa: faili kubwa mno. Kubwa mno kwa kipi? Kumbe flashi imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, na FAT32 haipokei faili moja la kufika GB 4, hata ikibaki nafasi ya kulaza tembo. Ukiifomati upya kwa exFAT, mfumo mpya zaidi, faili linaingia bila ubishi. Halafu runinga ya zamani inaitazama hiyo exFAT kama mgeni asiyebisha hodi. Inasoma mifumo ipi hasa, imeandikwa kwenye kijitabu kilichotupwa pamoja na boksi.

Haya, imesoma. Picha safi, watu wanafumbua midomo kama samaki, sauti hakuna. Usiipige kofi runinga. Sauti imefungwa kwa mtindo wa DTS, nayo haijui kuufungua. Tafuta kwenye menyu kama faili lina sauti ya pili ya mtindo wa AC3 au AAC. Likikosa, chomeka kompyuta kwa waya wa HDMI, iifungue yenyewe.

Sauti ikija, inakuja na vituko vyake. Mtu akitoa siri ya familia, ananong'ona. Gari likilipuka, majirani wanaamka. Sauti hiyo ilipangwa kwa spika sita, mazungumzo yakapewa ile ya katikati. Runinga ina mbili tu, tena nyingi zimeelekea chini kana kwamba wasikilizaji ni mchwa. Washa hali ya usiku, inayoshusha vishindo na kupandisha minong'ono, la sivyo kidole gumba kitafanya kazi ya zamu.

Na kwa nini filamu ya mamilioni inaonekana kama tamthilia ya mchana? Filamu hupigwa fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde. Runinga, kwa kiherehere chake, inabuni fremu nyingine na kuzichomeka katikati. Sony wanakiita Motionflow, LG wanakiita TruMotion. Wewe kiite umbea, ukizime.

Lakini adui mkubwa ni manukuu, yale maandishi ya chini. Mwanzoni kabisa yako sawa. Dakika ya kwanza yanatangulia kidogo, unajisemea labda ni macho; dakika ya kumi, karibu sekunde 25. Ikifika saa nzima yametangulia karibu dakika mbili na nusu: muuaji hajafungua mlango, maandishi yameshamtaja jina! Hapo mtu anakimbilia VLC, programu ya kuchezea video, kwenye Windows na kubonyeza H, ambayo huyachelewesha milisekunde 50 kila mbonyezo. Piga hesabu. Sekunde moja ni mibonyezo 20. Dakika mbili na nusu ni 3,000. Ukimaliza, kidole kimevimba na maandishi yameanza kutangulia tena, kwa sababu tatizo halikuwa muda bali kasi. Manukuu yalipimwa kwa fremu 25 kwa sekunde, filamu inakwenda kwa 23.976, yaani ile 24 kasoro kidogo. Tafuta manukuu yenye 23.976 kwenye jina la faili, au yabadilishe kwa programu ya Subtitle Edit kutoka 25 kwenda 23.976. H iachie yale yaliyotangulia kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho.

Sasa kila kitu kimetulia. Taa zimezimwa. Ndipo anaingia yule wa kuchelewa. "Huyu nani? Ndiye yule wa mwanzo?" Yeye mwenyewe huo mwanzo hakuuona. Anaona mistari myeusi juu na chini, anahisi runinga imeharibika. Haijaharibika: filamu ina upana wa 2.39 kwa kimo cha 1, runinga ni 16 kwa 9, kwa hiyo robo ya kioo lazima ibaki nyeusi. Nani amweleze? Rimoti keshaishika, kabonyeza kukuza, kioo kimejaa pomoni, na robo ya upana wa picha imeishia nje. Aliyesimama pembeni kaenda na pembe yake.

Anakaa, anajipongeza, anasikiliza kidogo.

"Mbona naisikia sauti tu? Huyo anayeongea yuko wapi?"