Daktari wa Friji

Korona ilipobisha hodi, wenzangu waliogopea mapafu yao. Mimi niliogopea friji.

Si kwamba mapafu sikuyajali. Mikono nilinawa sekunde 20 kama tulivyoagizwa, nikihesabu kwa sauti mpaka watoto wakaanza kuniigiza mezani. Lakini mapafu yalikuwa na wenyewe. Yalikuwa na madaktari, na Shirika la Afya Duniani zima, ambalo tarehe 11 Machi 2020 lilitangaza kwamba sasa hili ni janga la dunia. Friji lilikuwa na nani? Lilikuwa na mimi tu. Fundi haruhusiwi kuja, duka la vipuri limepigwa kufuli, na ukiagiza kwa simu unaambiwa mzigo uko melini, na meli yenyewe haijulikani iko wapi.

Na friji letu si kijana. Tulilinunua mwaka tuliooana, kwa hiyo mwaka ule lilikuwa linatimiza miaka 14. Nilipomwambia mke wangu kwamba kwa umri ule kitu chochote kinaweza kuzimika ghafla usiku bila kuaga, alinitazama kwa muda, akauliza tunazungumzia friji au tunazungumzia nini.

Ndani tulikuwa watano: mimi, mke wangu, watoto wawili, na mama mkwe. Mama alikuja kutusalimia kwa siku nne, na begi moja dogo. Siku ya tatu amri ya kutotoka nje ikatangazwa. Sasa mkwe ni mkwe. Heshima yenu inadumu kwa kupishana. Hebu pishana na mkwe katika nyumba yenye choo kimoja.

Hofu yangu ilikuwa na hesabu zake. Zamani nyumba ilikuwa tupu mchana kutwa, friji linafunguliwa asubuhi na jioni, basi. Sasa lilikuwa linafunguliwa tangu jua linachomoza. Mwanangu wa kiume alilifungua kama watu wanavyofungua simu: hatafuti kitu, anachungulia tu kama kuna jipya. Na kila mlango unapofunguliwa baridi inamwagika nje, joto linaingia, kompresa inaamka kuanza kazi upya. Nilikuwa nikilala nahesabu milango badala ya kuhesabu usingizi.

Ndipo nikaanzisha daftari. Kila kifaa kilikuwa na namba, umri, hali yake na huduma ya kwanza. Friji namba 1. Mashine ya kufulia namba 2. Nilifungua chujio lake la chini nikatoa sarafu tatu, kibanio cha nywele, na soksi ambayo watoto walikuwa wameshitakiana kwa ajili yake miezi miwili. Birika la umeme namba 5, nikalichemshia siki kulitoa magaga. Tangi la choo namba 9, maana lile boya lake likikwama maji hayakomi. Mpaka kufikia kitasa cha mlango wa stoo nilikuwa na wagonjwa 31.

Halafu zikafuata sheria. Blenda, namba 19, umri miaka 11, ikapigwa marufuku kabisa. Kitu ambacho meno yanaweza kukifanya, kwa nini tuitese mota? Pasi ikaruhusiwa mara moja kwa wiki, na shati linapigwa mbele tu, kutoka kwenye kola hadi kifungo cha tatu, kwa sababu kamera ya mkutano haioni chini ya hapo wala mgongoni. Mke wangu alizitii sheria hizi kama unavyomtii mtu mwenye homa.

Wiki ya nne, usiku wa manane, nikaenda jikoni kunywa maji. Nimeshika bilauri tu, friji likanguruma, kisha nikasikia: ti-ti-ti-ti-ti-ti.

Nikaganda. Ti-ti-ti-ti-ti. Ulikuwa mlio mwembamba, wa haraka, kama mtu anayetetemeka meno kwa baridi. Wazo la kwanza lililonijia, na naliandika hapa kwa aibu, ni kwamba friji linasikia baridi.

Kompresa ikazima, mlio ukakoma. Sikulala. Nilivuta kiti nikakaa, kompresa ikaamka tena, na ti-ti-ti ikarudi. Nikaandika kwenye daftari: “Saa 7:10 usiku, ametetemeka dakika 12. Saa 7:55, ametetemeka tena.” Usiku wa pili hivyo hivyo. Usiku wa tatu hivyo hivyo. Lakini mchana kompresa inaamka, inanguruma, inazima, kimya. Huu ndio ugonjwa ulionishinda. Ni kifaa gani kinachougua usiku tu? Nikawaza umeme wa usiku una nguvu zaidi. Nikawaza panya. Nikawaza mambo mengine ambayo mtu mzima hayasemi mbele ya watoto.

Usiku wa nne nilichukua kipimo cha daktari, kile cha plastiki cha kuchezea cha binti yangu, nikakivaa masikioni, nikapiga magoti nyuma ya friji kusikiliza kompresa. Mke wangu akaingia. Saa 8 usiku, mumewe yuko magotini, amevaa kipimo cha rangi ya waridi, anamwambia friji “pumua”. Hakuuliza kitu. Alichukua maji akarudi kulala.

Kesho yake nikampigia fundi simu ya video. Fundi mwenyewe alikuwa amefungiwa kwake, amevaa bukta, ana furaha ya kupata mtu wa kuongea naye.

“Kaka, hebu nisikilizishe huo mlio.”

Nikaelekeza simu kwenye friji. Friji likanguruma kwa adabu, kama mtoto aliyelia njia nzima na kunyamaza akifika kwa daktari.

“Sisikii kitu.”

“Hulia usiku tu, fundi.”

“Hulia vipi?”

Ikabidi nilie mimi. Nikatega meno mbele ya kamera: ti-ti-ti-ti-ti.

“Hebu rudia.”

Nikarudia. Nyuma yake nikasikia watu wasiopungua watatu wakicheka.

Fundi akatoa dawa. Kwanza, chomoa, subiri dakika 5, chomeka. Akanieleza kwamba zile dakika si za mapambo: gesi ndani ya mabomba inapewa nafasi ya kutulia, ili kompresa isianze kazi ikiwa imekabwa. Pili, ubane karatasi mlangoni na uivute. Ikitoka kirahisi, mpira wa mlango umechoka. Tatu, ufute vumbi kwenye zile nyaya za nyuma. Nne, uangalie miguu, maana friji lisilokaa sawa hutetemesha kila kilicho karibu nalo.

“Na kabla hujaliinamisha kurekebisha mguu, kaka, hakikisha kwanza kwamba juu ya—”

Picha ikaganda. Mdomo wa fundi ukabaki wazi. Nikasubiri, ruta (namba 4) ikawakawaka taa, simu ikakatika. Nikaona hakuna neno. Bila shaka alitaka kusema nihakikishe juu ya umeme, kwamba nimechomoa. Hilo nalijua.

Karatasi ilibana vizuri. Vumbi nilifuta, lilikuwa la kutosha kujaza mto. Mlio haukuondoka. Ulibaki mguu.

Mguu huo niliufuata usiku, kwa sababu mchana mke wangu asingekubali. Nikachomoa plagi, nikabana tochi kwa meno, nikaweka bega kwenye ubavu wa friji, nikasukuma.

Sasa, juu ya friji, kama ilivyo kwa watu wengi, palikuwa na ghala. Risiti za zamani, funguo za milango tusiyoijua, dawa za kikohozi, kopo la bati lenye vifungo vya nguo. Vile vyote nilivizoea kiasi cha kutoviona. Friji lilipolala kidogo nikahisi kitu kinateleza juu yangu, polepole. Kisha maji ya baridi yakanimwagikia kichwani. Kisha bilauri ikapasuka sakafuni. Kisha kitu kingine, kigumu, kikasema “ta!” na kugawanyika.

Nikageuza tochi. Tabasamu lilikuwa linanitazama kutoka uvunguni mwa jiko. Nusu yake. Nusu nyingine ilikuwa karibu na kidole changu cha mguu.

Nilisimama pale, maji yananitiririka, na mambo yote ya majuma manne yakajipanga yenyewe. Mama ana meno ya bandia. Meno ya bandia usiku huvuliwa, huwekwa majini yasikauke na kujikunja. Mama hakutaka mkwewe ajue, kwa hiyo alisubiri mimi nilale, akayaweka kwenye bilauri juu ya friji, mbali na mikono ya watoto, na alfajiri akayachukua kabla sijaamka. Na bilauri ilikaa imegusana na kopo la vifungo. Kompresa ikiamka, friji linatetemeka, bilauri inagonga kopo, ti-ti-ti. Nilikuwa nimekesha siku tano nikisikiliza meno ya mama mkwe yakigongana.

Mke wangu akatokea mlangoni.

“Baba watoto, umevunja nini?”

“Mama.”

“Umemvunja Mama?”

“Sehemu.”

Nikamwangazia. Akakaa kwenye kiti, akaziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika. Mpaka leo hajaniambia kama alikuwa akilia.

Mimi tayari nilikuwa nimeshika gundi, ile ya kukausha haraka, nina imani kwamba kufikia alfajiri ningeyarudisha. Mke wangu akaninyang'anya. Asubuhi tukapiga simu kwenye kliniki ya meno, na nesi akanishukuru kwa kutoyagusa: gundi ile haikutengenezwa kwa kinywa cha mtu, na ikikauka vibaya vipande havikai tena sawa hata kwa fundi wa meno. Viwekwe majini vyote viwili, akasema. Ila kwa sasa wanapokea dharura tu.

“Anasikia maumivu?”

“Yeye hapana,” nikasema. “Mimi ndiyo.”

Haikuhesabika kama dharura.

Ikabaki kumwambia mwenyewe. Nilimkuta mezani, ameshavaa barakoa, ndani ya nyumba, saa 1 asubuhi. Nikamwamkia, nikainamisha kichwa, nikaanza maelezo ambayo yalianzia kwenye kazi za kompresa na kupitia mguu wa mbele wa kushoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Bila meno ya juu herufi ya “f” ni kazi nzito, lakini aliijaribu:

“Haya mwanangu. Na hiliji, limepona?”

“Lilikuwa haliumwi, Mama.”

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayepewa habari za msiba wa mbali.

Meno yalichukua wiki saba. Kwa wiki saba Mama alivaa barakoa kuanzia anapoamka, na watoto wakamwona ndiye shujaa wa kujikinga katika nyumba yetu. Kwa wiki saba, vilevile, chakula chake chote kilipita kwenye blenda. Naam, namba 19, miaka 11, ile niliyoipumzisha. Sasa ilikuwa ikifanya kazi mara tatu kwa siku, na mimi nimesimama kando yake kama mkunga. Sekunde 30 inasaga, dakika nzima inapumzika, nagusa kitako chake kama kimepata joto. Friji likifa tungekula haraka vilivyomo. Blenda ikifa, nilikuwa nimemfungia mama wa mke wangu ndani na kumnyima chakula, na sikujua ningeanzaje kuwaeleza shemeji zangu. Kila asubuhi moyo wangu ulitulia kwa mlio wa kile kidude tu.

Haikufa. Hakuna kilichokufa. Katika wagonjwa wangu 31 hakuna hata mmoja aliyeharibika mwaka ule mzima. Hata boya la choo, ambalo nililikadiria wiki mbili tu za kuishi, lipo. Kilichovunjika ni kitu kimoja, na hakikuwa kwenye daftari.

Kliniki zilipoanza kupokea watu, Mama alipeleka vipande vyake asubuhi, jioni akarudi anauma tufaha barabarani. Juma lile lile akaondoka na begi lake dogo. Akaniaga vizuri, kwa herufi zote, akasema nimsalimie friji.

Usiku ule nikafungua daftari, nataka kuongeza meno kwenye orodha, kwa ajili ya safari ijayo. Nikakuta namba 32 imeshaandikwa. Mwandiko ni wa binti yangu, lakini lugha niliitambua.

“32. Baba. Umri: miaka 41. Hali: hutetemeka usiku bila sababu. Huduma ya kwanza: chomoa, subiri dakika 5, chomeka.”