KICC ni ya mikutano, tusiilazimishe kuwa ofisi

KICC, yaani Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Kenyatta jijini Nairobi, ilianza kama mpango wa makao makuu ya KANU, chama kilichotawala Kenya wakati huo. Karl Henrik Nøstvik wa Norway, akishirikiana na David Mutiso, alichora jengo la kadiri. Nairobi ilipopewa mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani (IMF) wa 1973, ramani ikapanuliwa: kumbi kubwa, mnara wa ghorofa 28, na ule ukumbi wenye paa la umbo la pia ambao watalii hawachoki kuupiga picha.

Serikali iliichukua kutoka KANU mwaka 2003. Desemba 2007 kura za urais zilijumlishwa hapo. Mwaka 2013 maseneta wakakalia humo. 2015 ukaja mkutano wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), na 2023 ule wa tabianchi wa Afrika. Ukitazama vizuri, shughuli zote hizo zilifuata kumbi. Mnara ulikuwa pambo la nyuma.

Mnara wenyewe ni ofisi ngumu. Lifti, vyoo na mabomba viko katikati, ofisi zikiuzunguka mhimili huo kama vipande vya keki. Sukuma kabati la mraba kwenye ukuta wa nje, litaacha pembe isiyofaa hata kuweka ndoo. Gawa chumba kwa mbao, na karani wa upande wa ndani atakosa dirisha, awashe taa mchana kutwa.

Kuna wanaotamani mgahawa wa juu ya mnara uzunguke tena. Mimi sitamani. Katika migahawa ya namna hiyo inayozunguka ni pete ya nje ya sakafu tu, juu ya magurudumu yanayosukumwa na mota. Jikoni na lifti hubaki palepale. Gurudumu moja likichakaa, pete hukaa upande na kukwaruza, na mota hubeba mzigo usio wake hadi iungue. Gharama yote hiyo kwa mandhari ambayo mtu huyapata akitembea tu ukingoni mwa paa la mnara!

Novemba 2023 KICC iliwekwa kwenye orodha ya mashirika 11 ya kubinafsishwa, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikazuia. Mjadala ukabaki ni nani mwenye jengo. Mimi ningeanza na saa za kufungua paa la mnara kwa wageni. Mlima Kenya huonekana alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika. Mgeni anayepandishwa saa nne huambulia moshi wa matatu na mabati ya Eastlands. Lifti moja na askari wawili kuanzia saa kumi na mbili na nusu wangetosha.