Ribblehead: daraja la mawe lililotaka kufa kwa hesabu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Shirika la Reli la Uingereza lilitaka kuifunga njia ya Settle hadi Carlisle, kaskazini mwa England. Kisingizio kikubwa kilikuwa daraja la Ribblehead: matao 24 ya mawe, urefu wa mita 400, katikati ya bonde lenye upepo mkali. Mawe yalikuwa yakipasuka, na kuyatengeneza kungemeza mamilioni ya pauni.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Fedha ni za walipa kodi, treni za kwenda Scotland zilikuwa na njia nyingine, na abiria wa hapa walikuwa wachache kweli. Ningekuwa mhasibu wa shirika, pengine nami ningeandika hivyohivyo.

Lakini uchache huo ulitengenezwa. Vituo vingi vidogo vilifungwa mwaka 1970, na kufikia 1982 zilibaki treni mbili tu kwa siku kila upande. Huwezi kumnyima mtu usafiri, kisha ukasema hasafiri. Vituo 8 vilipofunguliwa tena mwaka 1986, watu walirudi. Waliowasilisha pingamizi walizidi 22,000, na pingamizi moja lilikuwa na alama ya unyayo wa mbwa, Ruswarp, ambaye naye alikuwa akilipiwa nauli. Aprili 1989 serikali ikakataa kuifunga njia.

Kwangu jambo zito zaidi liko kwenye ufundi. Adui alikuwa maji. Yalipenya kutoka juu kwenye reli, yakashuka hadi ndani ya nguzo, na baridi ilipokuja yakaganda, yakavimba, yakapasua mawe. Mafundi walitandika utando usiopitisha maji chini ya reli, wakabadilisha mawe yaliyochoka, na gharama ikawa ndogo kuliko ile iliyowatisha watu. Tayari mwaka 1985 njia mbili za reli juu yake zilikuwa zimepunguzwa kuwa moja, ili treni mbili zisikutane juu ya daraja. Wanaolalamika kwamba hilo linachelewesha safari wana haki. Hata hivyo naliunga mkono: limelipunguzia daraja mzigo bila kuliondolea kazi yake.

Na kazi ilikuja. Kwa miaka mingi baadaye, makaa ya mawe kutoka bandari ya Hunterston, Scotland, yalipita hapo kwenda kwenye mitambo ya umeme ya Yorkshire, mabehewa kwa mabehewa, juu ya daraja lililokuwa limeshaandikiwa kufungwa.