Mfano tunao hapahapa Bagamoyo

Aisee naunga mkono kabisa hii ya makanisa na huduma za injili za Bagamoyo kuhimizwa zishirikiane, maana mfano tunao hapahapa, mwaka 1874 Susi na Chuma na wenzao walivyofika na mwili wa Livingstone, yule mmisionari Mprotestanti waliyekuwa wakimtumikia, mapadre Wakatoliki wa misheni ndo waliwapokea na mwili ukawekwa kwenye kanisa lao, mnara wake bado upo nendeni mkauone. Sasa leo mtaani kwetu huduma tatu zinafanya mkutano wiki moja, kila moja na maspika yake, na wamama walewale wajane wanachangishwa mara tatu, jamani inauma. Wachungaji wetu kodini jukwaa moja tu, hela itakayobaki watoto wapate sare na madaftari.